Gari la umeme kreta ya Ngorongoro: Kushuka kunaongeza chaji, mtihani ni kupanda

Magari ya safari yanayotumia umeme si mageni Tanzania. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilizindua la kwake, linalochajiwa kwa umeme wa jua. Kwa dereva anayelala Karatu na kuingia kreta asubuhi, swali ni moja: chaji itatosha kurudi?

Linafanyaje kazi?
Njia mojawapo ni kuchukua gari la dizeli, kutoa injini, tangi la mafuta na ekzosi, kisha kufunga mota na betri. Moshi hakuna, na muungurumo karibu na wanyama unaisha.

Mteremko unarudisha chaji
Barabara ya Seneto inashuka takriban mita 600 kutoka ukingoni. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta (ndivyo madereva wanavyoendelea kusema), magurudumu yanazungusha mota, nayo inageuka jenereta na kuchaji betri. Mashua za tanga zenye mota ya umeme hufanya vivyo hivyo: upepo ukisukuma mashua, maji yanazungusha pangaboi na betri inapata chaji.

Hesabu ya kupanda
Kuinua gari la tani 3 kwa mita 600 kunahitaji karibu uniti 5 za umeme, zile zile za LUKU. Hapo hujahesabu msuguano wa barabara wala umeme unaopotea kama joto. Ulichopata wakati wa kushuka hakifiki kiasi hicho. Kwa hiyo kabla ya kuanza kupanda barabara ya Lerai, ni busara kuwa na angalau mara mbili yake, yaani uniti 10.

Ukilala ukingoni, usijaze betri
Betri iliyojaa asilimia 100 haina nafasi ya kupokea umeme. Ukianza kushuka nayo hivyo, mota haisaidii kushika gari, kazi yote inabaki kwa breki za kawaida. Zikipata moto sana zinapoteza nguvu, na mteremko ni mkali.

Anayetoka Karatu ana nafuu. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na ukingo ni mita 2,300 hivi, hivyo akifika juu betri imeshapungua.

Kuchaji usiku
Betri ya uniti 60 ikiwekwa kwenye chaja ya kilowati 7 inajaa kwa saa 9 hivi. Ukichomeka saa 3 usiku, saa 12 asubuhi uko tayari.

Kabla ya kulipia chumba, uliza mambo mawili: Chaja ipo? Umeme wa TANESCO ukikatika, sola au jenereta ya hapo inaweza kubeba hizo kilowati 7? Jibu likiwa hapana, ahirisha kreta hadi betri ijae vya kutosha.