Mimea inayopunguza gesi tumboni mwa ng'ombe

Ng'ombe aliyelala akicheua huonekana ametulia, ilhali tumboni mwake mna shughuli kubwa. Katika tumbo la kwanza kati ya manne aliyo nayo, mabilioni ya vijidudu huvunjavunja nyasi na kutoa haidrojeni. Baadhi ya vijidudu hivyo huichanganya haidrojeni hiyo na kaboni dayoksaidi, ikawa methani, gesi ambayo ng'ombe huitoa hasa kwa kubeua.

Hasara yake ni maradufu. Katika kipindi cha miaka 100, methani huongeza joto duniani takriban mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzani uo huo. Aidha, kati ya asilimia 2 na 12 ya nguvu iliyomo katika lishe hupotea pamoja na gesi hiyo. Mfugaji huwa amegharamia chakula kisichogeuka maziwa wala nyama.

Mimea kadhaa huweza kupunguza hasara hiyo. Tanini, inayopatikana katika majani ya lusina na kaliandra, hudhoofisha vijidudu vinavyounda methani. Saponini, iliyomo katika mimea inayotoa povu kama sabuni, huangamiza protozoa, ambao huvipa vijidudu hivyo haidrojeni.

Kaliandra si mgeni nchini Kenya. Mti huo wenye asili ya Amerika ya Kati ulienezwa miongoni mwa wakulima wadogo wa Embu katika miaka ya 1990, si kwa ajili ya hali ya hewa bali kwa protini yake. Majaribio yalionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi zaweza kuchukua nafasi ya kilo moja ya lishe ya madukani.

Hata hivyo, dawa ikizidi huwa sumu. Tanini nyingi humpunguzia ng'ombe hamu ya kula na kuzuia protini isimfae. Lusina nayo ina mimosini, sumu inayoweza kumnyonyoa manyoya. Hivyo hushauriwa isizidi takriban thuluthi moja ya chakula chake.

Ng'ombe anayekula kidogo pia hutoa gesi kidogo, lakini hayo si mafanikio. Kipimo cha haki ni kiasi cha methani kwa kila lita ya maziwa. Mfugaji mdogo hatapanda kaliandra kwa ajili ya anga pekee. Ataipanda iwapo ndoo yake itajaa.