Walioichora Ng'ambo na Waliopanda Miti Yake



Kila mwaka kijitabu hiki cha michango hubeba kurasa chache za historia ya kwetu. Mwaka huu tumeamua kuwazungumzia watu walioupa mji wetu sura yake. Wako waliokaa mezani na kalamu wakaamua njia ipite wapi na nyumba ikae wapi. Wako pia ambao hawakuchora hata mstari mmoja, lakini walituachia mti, kisima na barza. Tumechagua mada hii kwa sababu mradi wa mwaka huu ni wa miti na vivuli, na tungependa kila anayechangia ajue kazi ya nani anaiendeleza.

Tuanze na majina ya mitaa yetu, maana ndiyo ramani ya kwanza tuliyokuwa nayo. Miembeni, Mwembetanga na Mwembeladu ni miembe. Michenzani ni michenza, Mikunguni ni mikungu. Kisimamajongoo ni kisima. Mchangani na Vikokotoni ni ardhi yenyewe iliyokanyagwa. Mgeni akiuliza njia alielekezwa kwa mti, na mti ukishakuwa alama watu hukaa chini yake, muuza kahawa huja, na mtaa huanza. Leo wataalamu wanaiita kazi hiyo usanifu wa mandhari, na watu huisomea vyuo vikuu. Wazee wetu waliifanya bila ya kuipa jina.

Jina la Ng'ambo lenyewe lilitoka upande wa pili. Kati ya Mji Mkongwe na sisi palikuwa na mkono wa bahari uliojaa na kupwa, na aliyesimama kwenye nyumba za mawe aliwaona watu wetu wako ng'ambo ya maji. Darajani pakaitwa hivyo kwa sababu ya daraja la kuvukia. Katika karne ya 20 maji yale yalifukiwa kidogo kidogo, na pale kilipo kiwanja cha Mnazi Mmoja mawimbi yalikuwa yakifika. Maji yalikwisha lakini jina likabaki, nasi tukalifanya letu.

Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa utumwa katika sheria za Zanzibar, watu wengi waliokuwa watumwa, pamoja na wengine kutoka mashamba na bara, walijenga upande wetu. Walijenga kwa miti na udongo na kuezeka makuti. Nyumba ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na barza mbele. Barza ile ilikuwa ya mwenye nyumba, lakini aliyepita na kutoa salamu alikaribishwa kukaa. Nyumba zikipangana, barza hukabiliana na kichochoro hugeuka sebule ya mtaa. Hakuna ofisi iliyoamuru hivyo. Ilikuwa ni hekima ya mafundi, na majina yao hatunayo.

Tusisahau kwamba wengi wao walimiliki nyumba lakini hawakumiliki ardhi. Kiwanja kilikuwa cha mwengine au cha wakfu, na kila mwezi ilipaswa kulipwa kodi. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Kwa hiyo anayesema kwamba watu wetu hawakuwahi kuwa na sauti juu ya ardhi wanayoikalia, historia yetu haijui.

Wenye kalamu

Mpango wa kwanza wa mji wote uliandikwa na Mwingereza, Henry Vaughan Lanchester. Alikuwa msanifu majengo mwenye jina, aliyeshiriki kusanifu jumba la manispaa la Cardiff na kufanya kazi ya mipango miji India. Kitabu chake kuhusu Unguja kilitoka mwaka 1923. Wakati huo Mkaazi wa Kiingereza hapa alikuwa John Sinclair, naye pia msanifu majengo, ambaye mkono wake tunauona hadi leo kwenye jengo la Mahkama Kuu pale Vuga na kwenye Beit el Amani pale Mnazi Mmoja. Sehemu kubwa ya mapendekezo ya Lanchester ilibaki kwenye karatasi.

Aliyeigusa Ng'ambo kwa matofali ni Eric Dutton, aliyekuwa Katibu Mkuu wa serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940. Kabla ya kuja kwetu alishughulikia ujenzi wa Lusaka, mji mkuu mpya wa nchi ambayo leo ni Zambia. Mpango wake wa maendeleo wa miaka kumi ulianza mwaka 1946, na michoro ya majengo yake ilifanywa na msanifu wa Kisingasinga, Ajit Singh Hoogan. Kazi yao tunayoijua sote ni jumba la Raha Leo, lililokamilika mwaka 1947. Lilikusudiwa kuwa mahala pa mikutano, masomo na burudani kwa watu wa Ng'ambo, na baadaye redio ikarusha matangazo yake kutoka hapo.

Dutton na wenzake walidhani wanawajengea watu ukumbi wa kuwatuliza. Januari 1964 jumba lile lile likawa makao makuu ya Mapinduzi. Jengo likishasimama, mchoraji hana tena amri juu ya matumizi yake. Wenye mtaa ndio wanaoamua.

Mwaka 1958 ukaja mpango mwengine, wa Henry Kendall, aliyekwishafanya kazi hiyo hiyo Palestina na Uganda. Miaka sita baadaye nchi ilikuwa na uongozi mpya.

Treni za Michenzani

Baada ya Mapinduzi, wataalamu kutoka Ujerumani Mashariki walikuja kusaidia. Zilijengwa fleti za Kikwajuni na Kilimani, na mwaka 1968 msanifu Hubert Scholz akaandaa mpango mpya wa mji. Mzee Abeid Amani Karume alitaka mnyonge wa Ng'ambo aishi kwenye nyumba ya kudumu, yenye maji ya bomba, umeme na choo ndani. Kutokana na azma hiyo yalizaliwa maghorofa ya Michenzani, yaliyopangwa kufuata barabara mbili pana zinazokatana. Jengo moja lina urefu wa karibu mita 300. Watoto wakayaita treni, na jina likakaa.

Kuhusu treni hizi hatukubaliani hata ndani ya kamati yetu, na si vyema kulificha hilo. Wako wanaokumbuka furaha ya kufungua bomba na kuona maji yanatoka. Wako wanaokumbuka jamaa na majirani waliojitolea kubeba mawe na mchanga kwenye kazi ya ujenzi wa taifa. Na wako wanaokumbuka kwamba ili barabara zile zinyooke, nyumba nyingi za mtaa zilivunjwa. Barza zake zikaenda, na michenza iliyoupa mtaa jina ikabaki kwenye jina tu. Mpango ulikusudia kuibadilisha Ng'ambo kwa upana zaidi kuliko ilivyotokea, lakini baada ya Mzee Karume kuuliwa Aprili 1972 kasi ilipungua. Ndiyo maana leo ukitembea hatua chache nyuma ya treni unaingia kwenye vichochoro vya zamani.

Hata hivyo tazameni walichofanya wakaazi wa maghorofa. Mchoro haukuwa na barza, nao wakazitengeneza. Ngazi za kuingilia zikawa za kukaa jioni, na nafasi baina ya majengo zikawa za karata, bao, biashara ndogondogo na mpira wa watoto. Mtaa ulihamia ndani ya mchoro wa mgeni na kuugeuza uwe wa kwetu.

Waliouliza

Mwaka 1982 wataalamu wa Kichina nao walitayarisha mpango wa mji. Kisha kwa muda mrefu macho ya dunia yalielekea Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Jambo hilo ni fahari yetu sote. Lakini liliacha hisia kwamba historia inaishia Darajani, na kwamba ukivuka upande wetu hakuna cha kuhifadhi.

Hapo ndipo tunapotaka kuwataja watu waliofanya kazi kwa namna nyengine. Idara ya Mipango Miji na Vijiji ya Zanzibar, ikiongozwa na Dk. Muhammad Juma, mwenyewe msanifu majengo, ilishirikiana na taasisi ya Kiholanzi ya African Architecture Matters na Jiji la Amsterdam katika kazi iliyopewa jina la Ng'ambo Tuitakayo. Kwa upande wa Waholanzi walikuwepo wasanifu Antoni Folkers na Berend van der Lans, na pamoja nao Iga Perzyna. Kazi ilianza miaka ya 2010, wakati serikali ilipokuwa ikiandaa mpango mpya wa mji unaoitazama Ng'ambo kuwa kitovu kipya cha jiji.

Tofauti yao na waliotangulia ni mahala walipoanzia. Waliingia mitaani kwanza. Majengo yaliorodheshwa na kuwekwa kwenye ramani. Maeneo ya wazi, mahala pa kukutania na shughuli za utamaduni navyo vikaandikwa kuwa ni urithi. Wakaazi waliitwa kwenye mikutano wakaulizwa wanapenda nini kibaki na nini kibadilike. Mwaka 2019 matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa katika kitabu kikubwa cha ramani, picha na maelezo, Ng'ambo Atlas. Kwa wengi wetu ilikuwa ni mara ya kwanza kuona vichochoro vya nyumbani vimechapishwa kwa heshima waliyozoea kupewa wenye milango ya nakshi.

Tunalipenda jina walilolichagua. Halikusema Ng'ambo itakiwayo, wala Ng'ambo waitakayo wao. Limesema tuitakayo. Lakini neno hilo lina deni ndani yake. Ukiulizwa unataka nini ukajibu, unatazamiwa nawe utie mkono. Serikali ina barabara zake na mitaro yake mikubwa, na wataalamu wana ramani zao. Hakuna idara itakayokuja kumwagilia mche wa mkungu kila alasiri mpaka ushike. Hiyo ni kazi ya wenye mtaa.

Kilichobaki kwetu

Ndugu zetu mliopo Dar es Salaam, Maskati, London na kwengineko, mkirudi likizo mnayaona wenyewe. Nyumba za chini zinapanda ghorofa, na hilo si baya, kwani familia zinakua. Lakini barza inakatwa ili ukuta ufike njiani. Kiwanja cha watoto kinapungua hatua moja kila mwaka, leo gari limeegeshwa, kesho banda limesimama. Mti mkubwa ukianguka kwa upepo haupandwi mwengine. Mchana wa kaskazi wazee hawana tena pa kukaa nje, na mzee asipokaa nje, mtoto apitaye hapati wa kumuuliza ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba michango kwa mambo matatu. La kwanza ni kupanda miti ya kivuli pembezoni mwa viwanja vya mtaa vilivyobaki, na kuwalipa vijana wa kuitunza mpaka iweze kujitegemea. Miti pia itakuwa mpaka, maana ni taabu kuegesha gari juu ya mwembe. La pili ni kutengeneza barza za umma na kusafisha mitaro midogo inayozizunguka, ili mvua za masika zisizigeuze madimbwi. La tatu ni kurikodi kumbukumbu za wazee wetu: nyumba ya nani ilikuwa wapi, kisima kilikuwa wapi, mti gani uliupa mtaa jina. Kila mwaka tunazika watu wanaoyajua haya, na hayamo katika ramani yoyote.

Miti tutakayoipanda imechaguliwa kwa ushauri wa wakaazi wenyewe. Walipoulizwa, bibi mmoja wa Michenzani alisema hataki kusikia habari ya mti mwengine kabla ya mchenza. Tukamwambia mchenza hauna kivuli kikubwa. Akajibu kwamba yeye hakuomba kivuli, anataka wajukuu zake wajue wanakaa wapi. Hatukuwa na la kumjibu. Mchenza umewekwa wa mwanzo katika orodha.

Waliotuchora walikuwa wengi, nao walitoka mbali. Wengine walituona tatizo la kusafishwa, wengine walitutakia mema bila ya kutuuliza, na mwisho wakaja waliouliza. Sisi tumeshajibu. Sasa yamebaki majembe, miche na maji, na kwa hayo tunahitaji mkono wa kila mtoto wa Ng'ambo popote alipo. Atakayeweza kutoa atoe, na atakayeweza kuja, siku ya kupanda tutakuwa naye kiwanjani.