Waya wa Batri: Desturi ya Enzi ya Dinamo Inayoua Alteneta

Kiambi iko kando ya mto Luvua, mahali ambapo maboti kutoka Ankoro yalikomea, maana mbele yake maporomoko yanaziba njia. Mzigo wa kuendelea ulitafuta mabega ya watu, na baadaye kamyo. Umeme mkubwa nao tulikuwa nao jirani: katika miaka ya 1930 kilijengwa kituo cha Piana-Mwanga juu ya Luvua hiyohiyo, ili kuendesha machimbo ya bati ya Manono. Ninaotaka kuusimulia hapa ni umeme mdogo, ule unaozaliwa ndani ya gari lenyewe. Ndiyo kazi yangu, nami niliirithi kwa mzee aliyetengeneza dinamo kabla hajaona alteneta. Pamoja na kazi hiyo tulirithi desturi moja ambayo wakati wake umekwisha.

Desturi yenyewe wanaijua mashofa wote wa huku. Gari likishukiwa kwamba halichaji, fundi huliwasha, kisha hung'oa waya wa batri injini ikiwa inanguruma. Injini ikizimika, atasema chaji haipo. Ikiendelea, atasema chaji ipo. Hukumu inatoka papo hapo, na mwenye gari anaridhika.

Ili kuelewa ilikotoka, turudi nyuma kidogo. Magari ya kwanza duniani yaliwashwa kwa kuzungusha hendeli, na taa nyingi ziliwaka kwa gesi ya kabidi. Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ilitoka na stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Stata inakula umeme mwingi, kwa hiyo gari likahitaji batri nzito, na batri ikahitaji kitu cha kuijaza. Kitu hicho kikawa dinamo, nayo ikatawala kwa karibu miaka hamsini.

Dinamo inazalisha umeme katika sehemu inayozunguka, kisha umeme huo unachukuliwa na brashi za kaboni juu ya vipande vya shaba. Ni mashine inayovumilia mengi, ila ina udhaifu wake: injini ikienda polepole haitoi kitu cha maana, ndiyo sababu taa za kamyo za zamani zilififia kila gari liliposimama. Pembeni yake kulikuwa na kisanduku chenye sumaku za waya. Moja ilitenganisha dinamo na batri wakati injini imezimwa, nyingine ilizuia volti zisipande. Mzee wangu alikifungua kisanduku hicho, akasugua pointi zake kwa msasa laini, na mara nyingi ugonjwa uliishia hapo. Brashi zikiisha na nyingine hazipatikani, alichonga kaboni iliyotolewa katika betri za tochi.

Katika enzi hiyo, kung'oa waya kulikuwa na mantiki. Magari mengi madogo yalitumia esansi, na cheche za plagi zilitegemea umeme wa batri au wa dinamo. Ukiondoa batri na injini ikazimika, basi dinamo haikuwa ikifanya kazi. Volti zikipanda, labda balbu iliungua. Shaba na kaboni hazikudhurika kirahisi, na fundi asiye na kipimo alipata jibu.

Mwaka 1960 Chrysler ilianza kuuza Valiant yenye alteneta, na katika miaka iliyofuata viwanda vingine vikaifuata njia hiyo. Kilichoiwezesha ni diodi za silikoni, vipande vidogo vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Alteneta inazalisha umeme katika sehemu iliyosimama, na diodi zinaunyoosha kabla haujafika kwenye batri. Inachaji hata injini ikiwa inapumua taratibu. Lakini diodi haivumilii volti za kupita kiasi, wala batri iliyogeuzwa chanya kwa hasi.

Mabadiliko haya yalitukuta wakati mgumu. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu wa Zaire, yaani Kongo ya leo, alitangaza kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa kwa Wazaire, na katika miaka iliyofuata bidhaa nyingi, vipuri vikiwamo, zikaadimika nchini. Baadaye zikaja vita. Dinamo na alteneta zilikaa pamoja kwenye meza za mafundi, bila vitabu na bila vipimo. Mkono uliozoea dinamo uliishika alteneta vilevile. Siwalaumu wazee wetu. Walifanya magari yatembee wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiwatumia hata balbu.

Tatizo ni kwamba leo kipimo hicho cha kung'oa waya kinaua na pia kinadanganya. Batri ndiyo inayomeza mshtuko wa umeme. Ukiing'oa wakati alteneta inachaji kwa nguvu, volti katika gari la volti 12 zinaweza kuruka kwa kitambo kifupi hadi kupita 80. Diodi zinapasuka, kidhibiti cha volti kinaungua, na katika magari mapya kompyuta ya injini inaweza kufa. Tena injini nyingi za zamani za mazutu hazihitaji umeme ili ziendelee kuwaka. Utang'oa waya, injini itanguruma, utasema chaji ipo, na kamyo italala porini.

Njia iliyo sahihi haidai mali nyingi. Anza kwa macho na vidole: mkanda umelegea? Vichwa vya batri vina uchafu mweupe? Kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya batri lazima iwake. Isipowaka, tafuta kwanza balbu au waya wake, maana katika magari mengi umeme unaoamsha alteneta unapitia hapo. Kama gari ni la namna hiyo, swichi ikiwa imefunguliwa na injini imezimwa, sogeza bisibisi nyuma ya alteneta. Ikivutwa, sumaku ya ndani imeamka.

Halafu chukua kipimo cha volti, hata kile cha bei ndogo. Batri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6. Injini ikiwaka, tarajia kati ya 13.8 na 14.4. Ikipita 15, kidhibiti kimekufa na maji ya batri yatachemka. Alteneta ikisoma vizuri huku batri ikiwa chini kwa zaidi ya nusu volti, waya au kutu ndiyo mwizi. Geuza kipimo upande wa umeme geu (AC): kikisoma zaidi ya nusu volti kwenye batri, shuku diodi. Kwa kamyo za volti 24, namba hizo za kuchaji zidishe mara mbili.

Vijana wa Kiambi, Manono na Kalemie mnaoingia katika kazi hii, kipimo kimoja cha volti kina bei ndogo kuliko alteneta moja mtakayoiua. Kinunueni kabla ya kununua spana ya pili. Na mteja akiwaamuru mng'oe waya kwa sababu ndivyo alivyoona tangu utotoni, kataeni kwa heshima, mwonyesheni namba, na mwelezeni kwa nini.