Elimu ya Nafsi na Mwalimu wa Singida

Neno "nasaha" si geni masikioni mwetu. Limetoka katika Kiarabu, likakaa pwani, kisha likapanda bara, na leo hata mzee wa Iramba asiyejua alifu wala be hulitumia. Lakini kutoa nasaha kwa cheti cha chuo kikuu, kumpa mtu asiyekuwa ndugu yako wala jirani yako, hilo ni jambo la juzi tu katika nchi hii.

Wengi hudhani ya kwamba elimu ya nafsi ilizaliwa Ulaya, pale Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake huko Leipzig mwaka 1879. Ni kweli kwamba tangu hapo ilianza kusimama kama somo lake mbali katika vyuo vikuu. Lakini zaidi ya miaka 900 kabla ya hapo Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na ya nafsi, na sehemu nzima akaiweka kwa ajili ya hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Alipambanua huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu asijue imetoka wapi. Tena aliona kwamba aliyezidiwa huhitaji maneno ya mtu mwengine, kama mgonjwa wa mwili anavyohitaji tabibu, kwa kuwa fikra zake mwenyewe zimekwisha kutekwa.

Sasa tuje kwetu. Mtu wa Singida aliyeugua akili alipelekwa Dodoma, katika hospitali ya Mirembe, iliyoanza katika miaka ya 1920 wakati wa Waingereza. Aliyekuwa na majonzi tu, au kijana aliyekata tamaa ya masomo, hao hawakuwa na pa kwenda ila kwa wazee wao. Saikolojia iliwafikia watu wa huku kwa mlango wa ualimu, katika vyuo kama kile cha Kinampanda, ambako mwanafunzi hufundishwa jinsi mtoto anavyokua na anavyojifunza. Ni elimu njema, lakini haikumwambia mwalimu afanye nini mtoto anapolia.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walijulikana Kagera, na baadaye maneno "ushauri nasaha" yakasikika katika kila hospitali. Mwaka 1984 ushauri ukaanza kuwekwa rasmi katika shule za sekondari. Walimu wakateuliwa, wengi walipewa jina la mshauri bila ya mafunzo yake. Kitabu cha Profesa Biswalo juu ya ushauri katika mazingira ya Kiafrika kilitoka Dar es Salaam mwaka 1996, yaani miaka 12 baadaye! Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1992, kilimwezesha mwalimu wa Manyoni kusoma shahada asiache darasa lake. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, na saikolojia imo katika masomo yake ya elimu.

Mimi nami nilikuwa nikicheka. Nasaha isomewe miaka mitatu? Bibi yangu alisomea wapi? Kicheko kilinitoka siku niliposikia habari ya binti mmoja aliyemwambia mwalimu wake kwamba nyumbani mahari yake imekwisha kupokewa. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alimhurumia, akalizungumza jambo hilo katika chumba cha walimu ili apate rai, na kabla ya magharibi baba mtu alikuwa amelisikia. Binti hakuonekana tena shuleni. Bibi yangu aliijua siri kwa sababu ilikuwa ya nyumba yake mwenyewe. Kuihifadhi siri ya mtu baki, na kujua ni lini sheria inakutaka uitoe na umpe nani, hilo hasa ndilo linalohitaji kusomewa.

Shule hiyo sasa imepata mshauri mwenye shahada. Chumba hana. Huzungumza na wanafunzi chini ya mti, mbele ya madirisha ya darasa.