Mahali pa Kiwanda: Habari za Mombasa Bara

Mtu atokaye kisiwani Mombasa, akavuka daraja la Nyali na kushika njia iendayo Malindi, hufika Bamburi, na kabla hajachepuka mkono wa kushoto kuingia Kiembeni hukiona kiwanda kikubwa cha saruji. Mimi nakaa Kiembeni, na wanafunzi wangu wameniuliza mara nyingi kwa nini kiwanda kikubwa namna ile kilijengwa huku kwetu, wala si Nairobi penye wanunuzi wengi. Swali hilo ni zuri kuliko wanavyodhani wenyewe, maana jibu lake ndilo linaloeleza viwanda vingi vya kemikali katika Afrika ya Mashariki, na hata viwanda vingine vilivyokwisha kufungwa.

Ardhi ya mwambao wetu ni mwamba wa matumbawe. Zamani za kale sana ilikuwa chini ya bahari, na viumbe wadogo wa baharini waliijenga kwa chokaa ya miili yao. Wazee wetu waliijua faida yake. Walikata mawe ya nyumba zao humo humo, na chokaa ya kuyaunganisha waliipata kwa kuchoma matumbawe katika tanuu: walipanga magogo, wakarundika mawe juu yake, wakatia moto, na baada ya moto kupoa wakakusanya kitu cheupe chepesi, wakakimwagia maji. Majumba ya mawe ya Mji wa Kale yalijengwa hivyo, na Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 hawakuhitaji kutafuta jiwe mbali. Hao wachoma chokaa walifanya kazi ya kemia hasa, ijapokuwa hawakuiita kwa jina hilo.

Sasa na tulitazame jambo lililotokea ndani ya lile tanuu. Tuseme kilo 100 za jiwe safi la chokaa zimechomwa sawasawa. Moto huitoa hewa ya kaboni iliyomo, nayo ina uzito wa kilo 44. Kinachobaki ni kilo 56 tu. Karibu nusu ya jiwe imepanda mbinguni pamoja na moshi! Basi mtu mwenye akili atajenga tanuu lake wapi? Atalijenga penye jiwe, ili punda wake au gari lake lisibebe mzigo ambao mwisho wake ni upepo. Mjerumani mmoja, Alfred Weber, aliiandika kanuni hiyo katika kitabu mwaka 1909, lakini nadhani mchoma chokaa wa Mombasa angemsikiliza kwa adabu tu, kama mtu anayeelezwa habari za nyumbani kwake.

Saruji hufuata hesabu hiyo hiyo. Jiwe la chokaa husagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, kisha huchomwa katika tanuri refu lizungukalo, mpaka joto lifike yapata digrii 1,450. Hutoka vijiwe vigumu viitwavyo klinka, na klinka ikisagwa na jasi kidogo huwa saruji. Kupata tani moja ya klinka hutakiwa karibu tani moja na nusu ya mawe na udongo. Huku kwetu jiwe liko chini ya miguu. Nyuma ya ukanda wa matumbawe, kuelekea magharibi, iko miamba ya udongo mgumu. Na bandari ya Kilindini iko karibu, kwa kupokea makaa ya mawe ya tanuri na kwa kupeleka saruji ng'ambo.

Haya yote yalikuwapo tangu zamani, lakini hayakujenga kiwanda. Alihitajika mtu wa kuyapigia hesabu. Kampuni iliundwa mwaka 1951 na Felix Mandl, aliyekuwa mkuu wa shirika la saruji la Cementia la Uswisi, na mwaka 1954 tanuri la kwanza likaanza kazi, likiwa na uwezo wa tani 140,000 kwa mwaka. Tanzania nayo ilifuata njia hiyo hiyo: kiwanda cha Wazo, kaskazini ya Dar es Salaam, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1966, nacho kimekaa juu ya matumbawe karibu na bahari.

Lakini hapana mahali pasipo ila. Kiwanda cha Bamburi kiko ng'ambo ya maji, mbali na reli. Mpaka daraja jipya la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1980, shehena iliyokwenda kisiwani ilipitia daraja la kuelea la mwaka 1931. Tena saruji ni mzigo mzito wenye bei ndogo, na tena hupatwa na unyevu ikaharibika. Kwa hiyo mwaka 1998 kampuni ilifungua kiwanda cha kusagia huko Athi River, karibu na Nairobi. Klinka hustahimili safari kuliko saruji, wala haipungui uzito tena isagwapo. Basi jiwe likaendelea kuchomwa pwani, na kusaga kukasogezwa kwa wanunuzi. Msomaji ataona kwamba kazi moja imegawanywa sehemu mbili, kila sehemu na mahali pake.

Mfano wa Magadi unafaa kutajwa hapa. Magadi tunayotia katika maharagwe ili yaive upesi yako tele katika ziwa la jina hilo, katika Bonde la Ufa. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, ikajengewa reli kutoka Konza, nayo ikalazimika kuweka tanuri lake jangwani, penye joto kali na bila maji matamu. Kwa nini isilete magadi ghafi Mombasa ikayachomea hapa penye bandari? Hesabu yajibu tena: magadi ghafi yakichomwa hupoteza karibu sehemu 30 katika kila 100, kwa kutoa maji na hewa ya kaboni. Hakuna mwenye reli apendaye kusafirisha maji mamia ya kilomita.

Mafuta, kwa upande wake, yana hesabu tofauti. Mafuta ghafi yakisafishwa hayapungui sana. Karibu yote hugeuka kuwa petroli, mafuta ya taa, dizeli na mengineyo. Hapo mahali pa kiwanda huweza kuwa popote njiani, na pafaapo zaidi ni pale mzigo unapobadili chombo. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilichofunguliwa mwaka 1963 kilikuwa mahali pa namna hiyo: meli zilishusha mafuta ghafi, na kuanzia mwaka 1978 bomba likayachukua yaliyosafishwa mpaka Nairobi. Lakini kwa kuwa uzito haukupungua, hapakuwa na sababu ya nguvu ya kukataa mafuta yaliyokwisha kusafishwa ng'ambo. Viwanda vikubwa vya Ghuba na Bara Hindi vilisafisha kwa gharama ndogo kuliko mitambo yetu iliyozeeka, na mwaka 2013 kazi ya kusafisha ikakoma. Bandari haikuhama, wala kilima cha Changamwe hakikuhama. Faida ndiyo iliyohama. Matangi yamebaki, yakitumika kuwekea mafuta.

Mpaka hapa nimesema faida ya mwenye kiwanda. Jirani naye ana hesabu yake, nayo mara nyingi haimo katika daftari lile la kwanza. Bamburi ilichimba mashimo makubwa meupe yasiyoota hata jani. Mwaka 1971 Mswisi René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyeajiriwa na kampuni, alianza kupanda humo miti ya aina nyingi, na mvinje ndio uliostahimili chumvi na ukavu. Majani yake makavu hayakuoza, mpaka Haller alipoleta majongoo wakayala na kuyageuza kuwa udongo. Leo pana msitu, na watoto wa shule hupelekwa kutazama viboko. Jambo hilo ni jema na lastahili sifa. Hata hivyo lilianza miaka kumi na saba baada ya tanuri la kwanza kuwashwa.

Huko Mikindani, upande wa magharibi, mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyushia risasi kutoka betri kuukuu kilianza kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru. Kwa hesabu ya mizigo mahali palikuwa pema: barabara kuu iko karibu, bandari iko karibu. Lakini nyumba za watu zilikuwa karibu zaidi, na ukuta ulikuwa mmoja. Vumbi la risasi liliingia katika maji, katika udongo na katika damu ya watoto, na risasi ikiisha kuingia katika mwili wa mtoto huidhuru akili yake isipate kupona. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe mchanga amedhurika, akaanza kuwaongoza wanakijiji katika kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, rufani ikaiondoa amri hiyo, na mwezi wa Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa kijijini hapo mwaka kiwanda kilipowashwa alikuwa amefikia umri wa miaka kumi na saba, umri wa wengi wenu mnaosoma kurasa hizi.