Dawa za Kichina na mishipa ya damu iliyobana: Yaliyothibitishwa na ya kuhadhari

UBANI unaofukizwa katika nyumba za Malindi, Mambrui na Takaungu una kazi nyingine nchini China. Huko ni dawa ya damu.

Kwa karne nyingi mabaharia waliusafirisha kutoka Uarabuni na pwani ya Somalia hadi bandari za China. Matabibu wa huko waliuchanganya na manemane ili kutuliza maumivu na kuisukuma damu iliyotuama mwilini. Bahari hiyo hiyo ndiyo iliyoleta vyombo vya kaure ambavyo vimefukuliwa katika magofu ya Gede.

Siku hizi dawa ndizo zinazosafiri kuja kwetu. Mnamo 2005, China ilimpa msichana kutoka Lamu ufadhili wa kwenda kusomea tiba ya jadi ya nchi hiyo mjini Nanjing, na katika miji ya Kenya vidonge na chai za Kichina huuzwa, baadhi vikisifiwa kuwa vinafungua mishipa iliyobana.

Je, sifa hizo zina ukweli? Jibu ni kwamba baadhi ya mitishamba hiyo ni dawa kwelikweli, na kwa sababu hiyo hasa haifai kutumiwa kiholela.

Mishipa hubana vipi?

Ateri ni mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni hadi sehemu nyingine za mwili. Kadiri miaka inavyopita, mafuta aina ya kolesteroli hujikusanya katika kuta zake na kufanya utando mgumu, hadi njia ya damu inakuwa nyembamba.

Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Hali hiyo ikitokea moyoni huleta mshtuko wa moyo, na ikitokea ubongoni huleta kiharusi. Mishipa ya miguu ikibana, mgonjwa huhisi maumivu kila anapotembea.

Shinikizo la damu, kisukari na uvutaji wa sigara huharakisha mambo haya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya Wakenya wenye umri wa kati ya miaka 18 na 69 walikuwa na shinikizo la damu, na wengi katika umri huo hawakuwa wamewahi kupimwa.

Mtazamo wa Kichina

Matabibu wa kale wa China hawakuzungumzia kolesteroli. Wao walisema kuwa damu husukumwa na nguvu ya uhai waitwayo 'qi', na nguvu hiyo ikipungua au ikizuiwa, damu hutuama. Tabibu hutambua hali hiyo kwa kutazama ulimi, kushika mapigo ya mkononi na kumhoji mgonjwa kuhusu maumivu yake.

Aliyeendeleza sana fikra hiyo ni Wang Qingren, aliyezaliwa mwaka 1768. Hakuridhika na maelezo ya vitabu vya kale kuhusu viungo vya mwili, hivyo akaenda kuchunguza maiti kwa macho yake. Kitabu chake cha mwaka 1830 kina dawa za mchanganyiko za 'kuondoa damu iliyotuama' ambazo hutumika hadi leo.

Mizizi miwili hutumiwa sana katika tiba hii. Wa kwanza ni mwekundu na huitwa danshen. Wa pili huitwa sanqi nao ni wa jamii ya jinsengi. Kwa kawaida mizizi haitolewi peke yake, bali huchanganywa na vitu vingine kulingana na hali ya mgonjwa.

Yaliyopimwa

Mfano wa kwanza ni mchele mwekundu uliochachushwa kwa kuvu. Dawa iliyotengenezwa kwa mchele huo ilijaribiwa nchini China kwa wagonjwa 4,870 waliokuwa wamewahi kupata mshtuko wa moyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa waliopewa dawa hiyo walipatwa na matatizo makubwa ya moyo kwa kiwango kilichopungua kwa takriban asilimia 45, wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Siri ya mchele huo inajulikana. Ndani yake mna kemikali ambayo ni ile ile lovastatini, mojawapo ya dawa za statini ambazo madaktari huwapa wagonjwa ili kupunguza kolesteroli.

Mfano wa pili ni Tongxinluo, dawa yenye jinsengi, ruba, nge, tandu na ule ubani wetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulihusisha wagonjwa 3,777 wa mshtuko wa moyo katika hospitali 124 za China. Katika siku 30, waliopata matatizo makubwa ya moyo na ubongo walikuwa asilimia 3.4 kati ya waliopewa dawa hiyo, na asilimia 5.2 kati ya wasiopewa.

Ikumbukwe kuwa wagonjwa wote hao walikuwa wakipewa matibabu ya kawaida ya hospitali. Tongxinluo iliongezwa juu yake, haikuchukua nafasi yake. Wala matokeo hayo hayamaanishi kuwa moshi wa chetezo utafungua mshipa wa mtu.

Wakazi wa Pwani wanaufahamu mfano mwingine. Artemisinini, iliyotokana na mmea uliotumiwa na matabibu wa China, ndiyo msingi wa dawa za malaria zinazotolewa katika hospitali za Kilifi na Malindi. Iliaminiwa baada ya kuchujwa, kupimwa kipimo chake na kujaribiwa kwa wagonjwa. Dawa nyingi za mishipa zinazouzwa madukani hazijapitia njia hiyo.

Hatari zilizopo

Danshen ikitumiwa pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huiongezea nguvu na inaweza kumfanya mgonjwa avuje damu kupita kiasi. Anayemeza statini akiongeza mchele mwekundu huwa anameza dozi mbili za dawa moja, jambo linaloweza kuharibu misuli.

Mizizi ya susu, ambayo hutiwa katika dawa nyingi za Kichina kwa utamu wake, huweza kupandisha shinikizo la damu ikitumiwa kwa wingi. Nchini Ubelgiji, katika miaka ya 1990, wanawake waliotumia mitishamba ya Kichina ili kupunguza unene waliharibikiwa na figo baada ya kupewa mmea usiofaa.

Hatari kubwa zaidi ni kuacha tembe za presha kwa kuamini kuwa chai imeshasafisha mishipa. Shinikizo la damu huweza kupanda bila mgonjwa kuhisi lolote, hadi siku kiharusi kinapomwangusha.

La kufanya

Kabla ya kununua, hakikisha kuwa dawa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu na kuwa viungo vyake vimeandikwa kwa lugha unayoielewa. Muuzaji anayedai kuwa dawa yake huponya presha, kisukari na kiharusi kwa pamoja hafai kuaminiwa.

Usiache wala usipunguze dawa ya hospitali bila ushauri wa daktari. Kifua kikibana ghafla, uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakianza kukwama, mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja. Saa hiyo si ya kuchemsha mizizi.

Na siku ya kliniki, beba pakiti zote za dawa unazotumia, ziwe za Kichina, za mganga wa kijijini au za dukani. Daktari hawezi kukukinga na mchanganyiko asioujua.