Fort Ternan: Hofu ya kujiona hustahili kazi

KIJANA wa Fort Ternan, Kericho, mwenye stashahada husoma tangazo la kazi, akaona amepungukiwa na sharti moja, akaliacha. Hali hii ya mtu kujiona laghai ilhali anastahili ilielezwa mwaka 1978 na wanasaikolojia wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes. Dawa yake si majigambo, bali ushahidi: andika ulichofanya, hata kama ni kupima kahawa katika chama cha ushirika, kwa tarehe na idadi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikosi cha Louis Leakey kilichimbua visukuku vya Kenyapithecus papa hapa. Katika fani hiyo hiyo, Kamoya Kimeu, ambaye masomo yake yalikomea shule ya msingi, aligundua Mvulana wa Turkana mwaka 1984. Shahada ya heshima alitunukiwa mwaka 2021.